Kitunga cha Msichana wa Damu

Hakuna mwanamke wa nyika ile aliyewahi kumfungia kitunga cha harusi msichana wa damu. Msichana wa damu hutolewa tu. Hupandishwa juu ya ngamia na nguo zake mbili, huambiwa asilie, hupelekwa kwa watu waliofiwa akawazalie mwana badala ya yule aliyezikwa, na habari yake huishia hapo. Wazee wana msemo wao wanaupenda: palipomwagika damu, paoshwe kwa maji ya uzazi. Msemo mtamu kweli. Ubaya wake ni kwamba wanaousema hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa.

Dahabo alifunga kitunga hivyo hivyo.

Mumewe, Geelle, alimkuta nyuma ya kibanda cha mikeka amechinja ngamia wao wa mizigo, yule dume mwekundu waliyemtegemea kuhamia, na nyama imetandazwa juani juu ya miiba. Kiangazi kilikuwa kikali, malisho yamekwisha, na mtu mwenye akili zake hachinji ngamia wa mizigo wakati kama huo. Geelle alisimama, mikono kiunoni, mdomo wazi.

"Dahabo, umerogwa?"

"Sijarogwa. Nakausha nyama."

"Ya nini?"

"Ya kitunga cha Kaaha."

"Kaaha hakuolewa, mke wangu. Kaaha ametolewa. Watu watatucheka."

"Wacheke. Kumtoa ulimtoa wewe na wazee wenzako, mkinywa chai. Mimi nilimzaa. Aliyezaa ndiye anayejua kama binti yake ni bibi harusi au ni mbuzi."

Geelle hakujibu. Ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyowafikisha hapo. Mtoto wa kaka yake, kijana mmoja mwenye damu moto aitwaye Raage, alimpiga risasi mtu wa ukoo wa pili kwenye birika la maji, wakigombania zamu ya kunywesha mifugo. Aliyekufa aliitwa Samatar. Koo mbili zikawa karibu kumalizana. Wazee wakakaa, wakapatana ngamia wa kulipa damu, na juu ya ngamia, ili moto uzimike kabisa, msichana mmoja wa kuolewa na mdogo wa marehemu. Haya, msichana wa nani? Baba wa muuaji alikuwa na mabinti watatu. Ajabu ya Mungu, siku ile ile mkubwa akawa amechumbiwa mjini, wa kati akawa mgonjwa wa kifua, na mdogo akawa hajafika umri. Macho yote yakamgeukia Geelle. Geelle akatazama mkeka. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo, na Kaaha akawa ametolewa kabla hajajua kwamba jina lake limetajwa.

Dahabo hakuweza kulirudisha lile. Neno la wazee wa koo mbili halirudi. Lakini alikuwa amefikiri usiku na mchana, na alilolifikiri ni hili: watu hukidharau kitu walichopewa bure. Kitunga cha harusi hakitolewi bure. Siku ya saba baada ya ndoa, ndugu wa bwana harusi hukaa chini mbele ya umma wakakifungua kwa vidole vyao, fundo baada ya fundo, kwa upole, kama wanavyotakiwa kumshika binti wa watu. Wakishindwa hutozwa na kuchekwa. Na anayekikata kwa kisu, basi yeye na ukoo wake husemwa mpaka kwa wajukuu.

"Nataka waketi," alimwambia mdogo wake, Shamis, aliyekuja kumsaidia kupiga kamba. "Nataka wale watu waketi chini watoke jasho kwa ajili ya mwanangu. Mtu akishatolea kitu jasho hadharani, hawezi tena kukiita takataka."

"Na wakikataa kuketi?"

"Watu wa heshima wale. Hawawezi kukataa."

Nyama akaikata vipande vidogo vidogo, akaikaanga kwa samli mpaka ikalia, akaimwaga ndani ya kitunga, akaifunika kwa tende zilizopondwa na iliki. Akakaza kifuniko cha ngozi. Kisha akakivisha kitunga nguo nyeupe, akakifunga mkanda kiunoni, akakitia ushanga na kauri kifuani na kitambaa kichwani, hata ukikitazama kwa mbali ungesema ni mwari ameketi anaona haya. Halafu kamba. Kamba moja tu, ndefu, ikizunguka na kujirudia na kujimeza, na ufundi wote uko kwenye kichwa cha kamba: ukikipata umemaliza, usipokipata utachimba mpaka kesho. Dahabo alikuwa hodari wa kuficha kichwa cha kamba. Wanawake walikuwa wanatoka mbali kuja kumwomba awafungie mabinti zao. Safari hii alikificha mahali ambapo hajapata kukificha: chini kabisa, penye kalio la kitunga, chini ya ngozi ya kukalia. Hakuna mtu mwenye adabu anayempapasa bibi harusi huko. Shamis alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

"Lahaula! Dada, hawa watu utawaua."

"Wakishindwa, nitawapa dalili. Kidogo kidogo. Lakini kwanza wahangaike."

Walisafiri kwa ngamia wa kuazima, Dahabo, Shamis, Geelle na wazee wawili wa ukoo, na kitunga kikiwa juu kimefungwa katikati ya mito kama mgonjwa. Njiani Dahabo alimwonya mdogo wake. Shamis ndiye angekuwa mlinzi wa kitunga, mwenye fimbo nyembamba ya kumchapa vidole atakayetaka kufanya hila, na mlinzi kazi yake nusu ni fimbo na nusu ni mdomo.

"Shamis, kule ulimi wako uutie mfukoni. Vijembe hapana."

"Kitunga bila vijembe? Hiyo si chai bila sukari?"

"Wamefiwa wale. Kijembe cha harusi kikiingia nyumba ya msiba hugeuka kitu kingine. Ukicheza utatuangamiza."

"Haya, nimesikia. Nitakuwa bubu."

"Niapie."

"Wallahi, dada. Bubu kabisa."

Walifika asubuhi ya siku ya saba. Mama mwenye nyumba, Barni, mama yake Samatar, aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejitanda nguo nyeupe ya ufiwa, ingawa Samatar hakuwa mumewe na wala desturi haikumtaka mama avae hivyo. Alitoa maneno yote yanayotakiwa kutolewa. Karibu mkwe, safari yenu, mifugo yenu, mvua kwenu vipi. Akawapa maziwa ya ngamia, chombo kimefukizwa vizuri, hakuna kasoro. Lakini hakuongeza neno hata moja juu ya yale ya lazima, na hakumtazama Dahabo usoni.

Dahabo aliomba akamwone mwanawe. Alimkuta Kaaha nyuma ya zizi anabandua kinyesi cha mbuzi kwa mikono. Bibi harusi wa siku saba! Mwari wa siku saba hukaa ndani, hupakwa hina, huletewa chakula, hata maji hachoti. Dahabo aliuma mdomo asipige kelele.

"Wamekupiga?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyenigusa."

"Na mumeo?"

"Libaan analala nje. Usiku wa kwanza aliingia, akakaa, akasema akinitazama anamwona kaka yake. Akachukua mkeka wake akatoka." Kaaha alijifuta mikono kwenye mchanga. Alikuwa msichana mwenye uso wa duara, hana makuu, aliyezoea kucheka kwa sauti mpaka bibi zake wakamkemea. "Si mbaya, mama. Ni mtoto tu kama mimi. Lakini hawaniiti jina. Hakuna anayeniita jina. Wananiita Fidia. Fidia lete maji. Fidia funga ndama. Hata watoto."

Dahabo akamshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili.

"Leo watakuita jina lako. Sikiliza, leo utaitwa Kaaha mbele ya watu wote. Nimekuletea kitunga."

Kaaha alishtuka. "Cha kwangu mimi?"

"Cha nani tena?"

Basi yule mtoto akalia. Alikuwa hajalia siku zote saba, maana aliambiwa asilie, na sasa alilia kwa kitunga.

Watu wa Barni walipokiona kitunga walitazamana. Bulhan, shemeji yake Barni, baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye msemaji wa nyumba, alikuna ndevu.

"Hii ni nini, Geelle? Msichana wa damu ana kitunga?"

Geelle akaanza kutazama mkeka. Dahabo akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, macho chini.

"Mzee wangu, damu mmeshalipwa na wazee, mimi simo. Mimi ni mama nimemletea binti yangu kitunga chake. Mkipenda kifungueni, msipopenda nitarudi nacho."

Atarudi nacho! Hilo nalo lilikuwa jiwe limefungwa ndani ya pamba, maana kitunga kikirudi bila kuguswa, watu wangesema nyumba ya Barni haikuthubutu. Bulhan alielewa. Akamtazama Barni. Barni akainua mabega, akaketi pembeni ya mkeka.

"Wafungue," alisema.

Wakamwita Guhaad. Guhaad alikuwa binamu wa Libaan, kijana wa kuchekesha watu, mwenye vidole virefu vya kufumia matandiko ya ngamia. Kila harusi ya upande ule yeye ndiye mfunguzi. Alikaa mbele ya kitunga, akatia bismillahi, akaanza. Mwanzo hakuna aliyecheka. Wanaume walisimama wamejiegemeza kwenye fimbo zao kama watu wanaongoja jeneza. Shamis alishika fimbo yake, mdomo ameubana, bubu kweli kweli, na jasho linamtoka kwa ububu ule.

Guhaad alifuata kamba kulia, ikampeleka kushoto. Akaifuata kushoto, ikaingia chini ya mkanda ikapotea. Akakuna kichwa.

"Salaam aleikum, bibi," alikiambia kitunga. "Mbona una mikanda kuliko askari wa serikali?"

Mtu mmoja alicheka. Halafu wa pili. Wasichana wa nyumba wakasogea. Mama mmoja mzee asiye na meno akasema, "Anza kichwani, mjinga wee, mwanamke huanzwa kichwani!" Guhaad akajibu, "Bibi, wewe ulianzwa wapi?" na hapo kicheko kikapasuka, hata Bulhan akageuka kando kuficha meno. Guhaad alijaribu kichwani. Alijaribu chini ya ushanga. Alijaribu kuingiza kijiti, Shamis akamchapa vidole, naye akaruka akavipuliza na kulia kama mtoto, makusudi, watu wakazidi kucheka. Binamu wengine wawili wakaja kumsaidia. Wakatoka jasho. Wallahi, walitoka jasho, Dahabo aliliona linawadondoka puani, na moyo wake ulikuwa unapanda taratibu kama maziwa jikoni.

"Huyu bibi ana kiburi," Guhaad alisema, amekaa kitako anahema. "Labda tumwombe kwa jina lake. Nani anajua jina la bibi harusi?"

Msichana mmoja mdogo wa nyumba, binti wa Bulhan, akapaza sauti: "Kaaha!"

"Nani?"

"Kaaha!" Sasa walikuwa watatu wanne, wanapiga makofi. "Kaaha! Kaaha! Mwombe Kaaha!"

Guhaad alikipigia kitunga magoti. "Kaaha binti Geelle, tuonee huruma, tuna njaa!"

Dahabo alikigeukia kibanda. Nyuma ya mkeka wa mlango aliona uso wa mwanawe, amejitanda shela la bibi harusi, na ule uso ulikuwa unacheka. Na Libaan, aliyekuwa amesimama mbali na wenzake, naye alikuwa anautazama mlango ule.

Furaha ni pombe, na Dahabo hakuwa ameionja kwa miezi. Ilimpanda kichwani mara moja. Alisahau njia aliyotoka, alisahau birika, akasahau kiapo alichomlazimisha mdogo wake. Akawa yuko harusini, harusi kama zote alizozifungia vitunga, amesimama mbele ya vijana walioshindwa, na mdomo wake ukafanya kile ambacho umezoea kufanya. Alitupa kichwa nyuma, akapiga makofi mawili, akaliimba kwa sauti ile ya madaha lile neno ambalo kila mama wa bibi harusi hulisema, na ambalo kila mara huleta kelele na vifijo:

"Jamani! Nyumba hii haina mwanamume?"

Vicheko vikakatika.

Ulimi hauna mfupa, hujipinda utakako. Dahabo alisikia neno lake likirudi masikioni mwake, akalitambua ni neno gani na limesemwa wapi. Mikono ilibaki hewani, haijashuka kutoka kwenye lile kofi la pili. Shamis alifumba macho.

Barni alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama usoni.

"Alikuwepo," alisema. "Nenda birikani ukamwulize yuko wapi."

"Mkwe wangu, nisamehe. Ni desturi tu, ni mdomo, sikukusudia, nakuapia kwa Mungu..."

"Mlimwua mtoto wetu," Bulhan alisema, "tukanyamaza. Mkasema tusamehe, tukasamehe. Leo mmekuja kutuchezea ngoma mlangoni petu, mkatuketisha chini kama watoto, kisha mnatuuliza mwanamume yuko wapi." Akachomoa kisu cha kiunoni. "Yuko hapa. Guhaad, toka."

Guhaad alitoka kwa magoti. Mmoja wa wazee wa Geelle akasema, "Bulhan, fikiri. Ukikata hicho umetukata sisi." Mzee wa pili alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye matandiko ya ngamia, pale walipoacha bunduki. Vijana wa Bulhan wakaona anakokwenda. Nao wakasogea kwenye vibanda vyao. Geelle alitazama mkeka.

Kama Dahabo angetulia, kama angepata nafasi ya kupumua mara mbili, pengine angefikiri. Angekumbuka kwamba kisu kile kingekuwa aibu ya mwenye kisu. Yeye kuliko mtu yeyote alijua sheria ya kitunga. Lakini Bulhan alipiga goti, akashika nguo nyeupe kwa mkono wa kushoto, akaingiza ncha ya kisu chini ya mkanda wa kiuno, na Dahabo hakuona tena kitunga. Alimwona Kaaha. Alimwona mwanawe ameketi mbele ya wanaume na kisu kimeingia chini ya nguo yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu hauna akili.

"Msikate!" Alijitupa mbele, akakikumbatia kitunga, kisu kikamchana mkono asihisi. "Msimkate! Nitafungua mwenyewe!"

"Dada, usifanye hivyo!" Shamis alipiga kelele. "Dahabo! Usifungue! Waache!"

Dahabo hakusikia. Alikishika kitunga kwa mikono miwili, akakipindua. Akakisimamisha kichwa chini, kitambaa cha kichwa kikiingia mavumbini, ushanga ukining'inia, nguo nyeupe ikashuka yote na kuacha ngozi wazi mbele ya kila mwanamume aliyekuwa pale. Akaingiza vidole chini ya ngozi ya kukalia, akakipata kichwa cha kamba, akavuta. Mafundo yote yakafunguka kwa mvuto ule. Ndivyo alivyokifunga, alikuwa fundi. Kamba ikaanguka miguuni pake rundo, mkanda ukaanguka, kifuniko kikalegea, na harufu ya samli na iliki ikawajia watu usoni.

Bulhan alikuwa bado amepiga goti, kisu mkononi, anaonekana mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Akakirudisha kiunoni. Yule mzee kule kwenye bunduki akaondoa mkono.

Barni alikuja polepole. Akamtazama Dahabo aliyekaa chini, damu inamtoka mkononi na kutona juu ya tende zilizomwagika. Ungedhani angefurahi. Hakuonekana kufurahi. Alionekana amechoka tu, mwanamke aliyetaka kitu kingine kabisa, kitu ambacho hakuna mtu pale wa kumpa.

"Umempindua mwenyewe, mkwe," alisema kwa upole kabisa. "Mbele ya wanaume. Umemfungua mwenyewe. Basi, mlango uliofunguliwa na mwenyewe, sisi kwetu hakuna atakayeubishia hodi."

Akageuka akawaita watu wakisimamishe kitunga waje kula.

Na walikula. Nyama ya yule dume mwekundu iliwatosha wote. Wazee wa koo mbili waliingiza mikono ndani ya kitunga kimoja, na mkono uliokuwa karibu kushika bunduki ukakutana mle ndani na mkono wa Guhaad. Wakasoma fatiha. Wakasema heri imepatikana, shari imepita, Mungu awape mvua. Geelle aliinua macho kutoka mkekani kwa mara ya kwanza, akamnong'oneza mkewe kwamba amefanya vizuri, ameokoa watu wengi leo, watu watamsifu. Na kweli aliokoa watu. Hakuna aliyekufa siku ile, na mpaka leo koo zile mbili hunywesha kwenye birika moja. Ukiwauliza wazee watakuambia yule msichana aliwaletea amani.

Dahabo hakuweka kitu mdomoni. Alikaa akamngoja Kaaha aje amsalimie kabla hawajaondoka. Alingoja mpaka wakamaliza kupakia. Libaan alipita karibu, akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno, Bulhan akamwita, akaenda. Wale wasichana waliokuwa wanapiga makofi walikuwa wanakusanya vyombo, na mmoja alipomwona Dahabo anawatazama aliinamisha uso.

Mwishowe Kaaha alitoka kibandani. Alikuwa amelivua shela la bibi harusi, amejifunga kanga ya kazi, na ana kibuyu cha maji begani. Dahabo akamkimbilia, akamshika.

"Mwanangu, nisamehe. Niliona kisu. Niliona wanakukata wewe."

Kaaha hakumsukuma. Alimwacha amshike, mikono yake mwenyewe ikiwa imeshikilia kibuyu. Alimtazama mama yake kitambo, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyevunja kitu.

"Ungewaacha wakate, mama," alisema. "Wangekata, aibu ingekuwa yao. Ningekaa hapa na neno la kuwaambia. Siku yoyote wakinionea, ningewaambia, nyinyi ndio mliokata kitunga changu, na wangenyamaza. Maisha yangu yote wangenyamaza."

"Kaaha..."

"Sasa nitawaambia nini?"

Barni aliita kutoka zizini kwamba ndama wana kiu. Kaaha akajitoa taratibu mikononi mwa mama yake, akaweka kibuyu sawa begani, akaenda.